Jiko la nyuma ya gari: kisa cha hadtopu ya shemeji

"Shemeji, fundi nimeshampa nusu ya hela. Hebu njoo uone kabla sijampa hiyo iliyobaki."

Simu ilinikuta soko la Kilombero hapa Arusha, nachagua karoti za safari ya kesho yake. Nikamwachia mama wa mboga kikapu, nikachukua bodaboda mpaka Unga Limited, kwenye karakana moja ya kuchomelea ambako magari ya watalii hupelekwa kuongezwa siti na kukatwa paa. Shemeji alikuwa amesimama kivulini, mkoba kaubana kifuani, anamtazama fundi kwa macho ya mtu ambaye hela aliyoitoa haina mwenzake nyumbani.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wangu kwa miaka 11. Yeye usukani, mimi sufuria. Tumelala pamoja kambi za kaskazini kuanzia Tarangire mpaka Lobo. Alipofariki aliacha nyumba ambayo haijaisha kule Moshono, watoto watatu, na hadtopu moja: Land Cruiser HZJ78 ya dizeli, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo fundi yeyote wa Arusha anaifungua na kuifunga bila kuuliza. Gari hilo ndilo linalolipa ada za shule. Kwa hiyo aliponiuliza kama jiko la nje kwenye gari lina faida, alikuwa anauliza habari ya chakula cha watoto wake, na mimi nililichukua swali hivyo hivyo.

Fundi akafungua milango miwili ya nyuma, akabonyeza kitasa, akavuta. Droo ya mita moja na robo ikatoka taratibu juu ya reli zake. Juu bati la stenlesi limesuguliwa mpaka linang'aa. Kulia jiko la gesi la plati mbili limefungwa kwa bolti nne. Katikati karai dogo la kuoshea lenye bomba na pampu ya umeme wa betri. Chini kuna nafasi ya sahani, vikombe na viungo, na ubavuni friji ya volti 12 imekaa kwenye reli yake yenyewe. Tangi la maji la lita 40 lilikuwa nyuma ya siti. Kazi ilikuwa safi, na fundi yule anastahili sifa yake. Bei: shilingi 4,200,000, mbali na friji.

Shemeji alikuwa ameyaona haya kwenye simu. Kuna picha nyingi za magari ya kulala ya Marekani, yale wanayoyaita RV, ambapo mtu anafungua mlango mdogo ubavuni na jiko zima linatokea: friji ndogo, plati mbili, wakati mwingine bamba la kuchomea nyama, karai. Akaona na sisi tunaweza. Ila kuna jambo ambalo picha hazikumwambia. Gari lile la Marekani tayari lina jiko kamili ndani. Jiko la nje ni la pili. Linawekwa ili joto na harufu ya kukaanga visiingie wanakolala watu, na ili mpishi asitengwe na wenzake walioketi nje chini ya turubai. Linakaa upande wa kulia kwa sababu wao huendesha kulia, na upande huo ndio unaotazama ukingo wa barabara. Kwenye viwanja vyao vingi vya kuegesha wanachomeka umeme na kuunga bomba la maji. Wanachopoteza ni kabati la kuwekea mizigo, basi. Kwa hiyo Mmarekani akiuliza kama jiko la nje lina faida, anauliza kama jiko la pili linastahili kula nafasi ya kabati. Sisi hadtopu haina jiko lolote. Tunauliza jiko la kwanza na la pekee likae wapi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na jibu la moja haliwezi kuazimwa kujibia jingine.

Nikamwambia, "Shemeji, hiyo nusu ya pili isubiri. Julai nina wageni wanne, usiku nne. Tulichukue gari hili tulijaribu, halafu ndipo tuamue."

Fundi hakupenda. "Mzee, kazi imekwisha hii, imebaki kupaka rangi tu." Lakini shemeji alishafunga mkoba.

Hapo inafaa nieleze kazi za gari lenyewe, maana ndizo zilizoamua mambo. Hadtopu ile hukodishwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni safari ya kambi yenye dereva na mpishi: wageni wanalala kwenye mahema ya chini, mimi napika, dereva anawazungusha. Ya pili ni wageni wanaoendesha wenyewe, mara nyingi wawili, wanalala kwenye hema la juu ya paa na kujipikia. Kwa mwaka huo namna ya kwanza ndiyo ilikuwa na siku nyingi zaidi.

Siku ya kwanza ilikuwa Tarangire, na nakiri nilifurahi. Kwa kawaida tukifika kambini nashusha maboksi mawili ya vyombo, stovu, mtungi, meza ya kukunja, madumu ya maji, kapu la mboga, na mpaka maji ya chai yachemke imepita nusu saa na zaidi. Siku ile nilivuta droo, nikawasha, na birika lilikuwa motoni kabla wageni hawajamaliza kushuka. Saa kumi na robo chai iko mezani na bisi za moto, kama wageni wa kambi wanavyopenda. Kisu kilikuwa mahali pake na chumvi mahali pake, hakuna kupekua boksi kichwa chini. Mgongo wangu una miaka 46, na kukata vitunguu juu ya bati lililofika usawa wa kiuno badala ya kuinama kwenye meza fupi ni jambo ambalo sitalidharau. Tumbili mmoja aliruka akachukua ndizi, lakini tumbili wa Tarangire wanafanya hivyo kwa kila mtu.

Kesho yake tulipita Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, tukaingia lango la Lodoare la Ngorongoro, tukazunguka ukingo wa kreta na kushuka kuelekea Serengeti. Lami inaishia Lodoare. Kuanzia pale ni vumbi na zile mbavu za barabara zinazotetemesha gari mpaka meno. Tulipofika lango la Naabi la kuingilia Serengeti nilifungua milango ya nyuma nitoe lanchi boksi, nikakutana na harufu ya gesi. Nikafunga mtungi, tukaacha milango wazi, tukawaweka wageni mbali, tukasubiri. Mpira wa gesi ulikuwa umesuguana na ukingo wa droo njia nzima mpaka ukachubuka.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu mtu anaweza kufa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutokea dirishani. Inatambaa chini, inajaa sakafuni mwa gari, inasubiri cheche. Yenyewe haina harufu. Ile tunayoinusa imewekwa makusudi ili tuamke. Ukifungia mtungi ndani ya droo, ndani ya gari lililofungwa vioo kwa ajili ya vumbi, umeweka hatari chini ya viti vya watu. Mtungi ukae nje kwenye kishikio chake, wima, na regyuleta ivuliwe kila gari linapotembea. Na kwa wanaolala kwenye hema la juu: usiwashe jiko la gesi wala la mkaa ndani ya gari au ndani ya hema hata kama baridi inakung'ata. Moshi wa mkaa usioonekana, monoksidi ya kaboni, hauna harufu kabisa, nao umeua familia nzima usingizini.

Seronera tulifika jioni. Kambi za umma pale, Pimbi, Nguchiro, Dik Dik na zile nyingine, zina majengo ya jiko na ya kulia chakula, yamezungushiwa wavu ili fisi na simba wasije kuuliza kuna nini. Wapishi tunajipanga ndani, kila mmoja na stovu yake, kila mmoja na kona yake. Usiku ule nilipikia kwenye gari, kwa taa ya kichwani, dereva akiwa amesimama ananilindia mgongo na tochi. Macho ya fisi yaling'aa mara mbili kwenye nyasi. Chakula kilitoka vizuri. Nikajiambia, haya, inawezekana.

Asubuhi ndipo jambo lenyewe lilipojionyesha.

Saa kumi na mbili kamili wageni wamekunywa chai, wamepanda gari. Simba walikuwa wameunguruma usiku kucha upande wa mto, na dereva alitaka awahi. Akageuka akaniuliza, "Mpishi, tunaweza kwenda?" Nikatazama droo. Jiko langu lilikuwa mle. Maji yangu lita 40 yalikuwa mle. Nyama ya mchana, maziwa na mayai vilikuwa kwenye friji, na friji ilikuwa imeunganishwa na betri ya gari. Wageni wangerudi saa tano wakitaka chakula kamili, na kila nilichohitaji kukipika kilikuwa kinaondoka nao kwenda kutafuta simba.

Ikawa kazi ya haraka haraka, injini inanguruma. Nikatoa nyama kwenye friji nikaiweka kwenye sufuria yenye mfuniko. Nikachota maji kwenye ndoo mbili. Nikatoa sahani, viungo, kisu, mbao za kukatia, nikavilundika kwenye majani. Jiko lenyewe halikutoka, lilikuwa na bolti nne na spana ilikuwa chini ya mizigo ya paa. Gari likaondoka na jiko. Nikabaki na ndoo, nyama na vitunguu kwenye jengo la jiko, nikizungukwa na wapishi wenzangu ambao stovu zao zilikuwa zinavuma. Mwenzangu mmoja wa Mto wa Mbu akanipa plati moja ya stovu yake bila kuniuliza kitu. Nilipika wali, mchuzi wa kuku na kabichi kwa plati moja ya kuazima, na wageni walikula saa sita badala ya saa tano.

Nimeifanya kazi hii miaka mingi na sikuliona hilo pale karakana. Safari yetu ya kambi ina desturi yake: gari linaenda, mpishi anabaki. Dereva na wageni wanashinda porini, mpishi anashinda na moto. Wale wa Marekani mwenye gari ndiye mpishi na ndiye mlaji. Gari likienda wanakwenda wote, gari likilala wanalala wote. Hapo jiko lililofungwa kwenye gari halina tatizo. Kwetu jiko linatakiwa lilale alipo mpishi, na mpishi hayuko kwenye gari.

Usiku wa nne tulilala kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,300 hivi. Nilikusudia kupikia kwenye gari hata kama pale pana jengo la jiko, nione mwisho wake. Julai pale ni ukungu na upepo unaokata. Milango ya nyuma ya hadtopu hufunguka pembeni kama kabati, kwa hiyo inakukinga kushoto na kulia, lakini juu hakuna kitu. Gari lenye mlango mmoja unaoinuka lingekupa walau kibaraza. Mimi matone ya ukungu yalidondokea kwenye supu.

Kulipokucha moto ulikuwa mdogo, umelala, kama mtungi umekwisha, na haukuwa umekwisha. Niliugusa mtungi wa kilo 6 ukawa baridi kuliko hewa, umelowa umande upande wa chini. Sababu yake ni hii: ndani ya mtungi kuna mchanganyiko wa propani na butani, zote zikiwa kimiminika. Ili ziwe gesi zinahitaji joto, na joto hilo zinalinyonya kwenye chuma cha mtungi. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani inakataa ikikaribia sifuri. Ukipika muda mrefu asubuhi ya baridi, propani inatangulia kwisha, mtungi unazidi kupoa, butani inabaki imelala chini. Dawa ni kuusimamisha mtungi kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Maji ya moto, hapana. Na asitokee mtu akauweka karibu na moto. Kwenye droo ya shemeji hilo halikuwezekana, maana mtungi ulikuwa umefungwa kwa mkanda kwenye tundu lake. Na kumbuka kimo: pale maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, Arusha mjini ni kama 95. Maharage yasiyolowekwa utayangoja mpaka wageni wazeeke. Sufuria ya maji ambayo ndani ya jengo ilinichukua dakika 25, pale nje ilinichukua karibu 50, na gesi yote hiyo ilikwenda na upepo.

Halafu akaja tembo. Wanaopajua Simba wanajua tembo hupita kunywa kwenye tangi la maji, na mara nyingi hana habari na mtu. Dume lile lilikuja kutoka mitini, kimya, masikio yametulia, likasimama hatua kama 30 kutoka nyuma ya gari. Kwenye droo kulikuwa na kabichi mbili na mkungu wa ndizi. Dereva akaniambia kwa sauti ya chini, "Acha vyote, njoo huku." Nikazima gesi, nikarudi kinyumenyume mpaka jengoni. Kutoka dirishani nilimwangalia akiunyoosha mkonga, akanusa hewa, akafikiri. Nilichokuwa nawaza ni gari la watoto wa marehemu. Droo ikiwa imetoka mita moja na robo gari haliwezi kurudi nyuma wala kusogea bila kuburuza vyombo chini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuifunga. Tembo alikunywa maji, akaondoka. Angetaka kabichi, angeichukua, pamoja na milango. Tangu siku ile naamini kwamba pale ambapo hifadhi imejenga jiko la ukuta, chakula kipikwe ndani ya ukuta huo.

Tuliporudi Arusha tuliifikisha hadtopu Unga Limited ikiwa na vumbi lake lote. Nikamwambia fundi avute droo mwenyewe. Ilitoka nusu ikakwama. Aliponyunyiza dizeli na kupitisha bisibisi kwenye reli, kilichotoka kilikuwa kizito na cha kahawia kama uji wa ulezi: grisi yake imekorogana na vumbi la Naabi, na beringi zimesagika ndani yake. Bolti nane za kushikilia fremu sakafuni, mbili hazikuwapo. Kwenye kona ya kushoto sehemu iliyochomelewa ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Fundi aliutazama muda mrefu, akasema, "Barabara hii haina huruma." Kisha akaongeza mwenyewe kwamba angetumia nati zenye plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtetemo, na reli kavu zisizopakwa grisi. Hapo nilimheshimu zaidi.

Tukapima uzito kwa mizani ya mahindi ya jirani. Droo na vitu vyake, bila maji na friji: kilo 90. Watu wanadhani kilo 90 ni mtu mmoja mnene tu. Lakini mtu huyo ameketi nyuma kabisa. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma HZJ78 ina milimita 2,980. Ukiuvuta uzito huo ukakaa sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kama kilo 117, na ile ya mbele inapunguziwa kilo 27, sawasawa na watoto wa bembea: mmoja akikaa mbali, mwenzake anapanda. Ongeza lita 40 za maji, madumu, hema la paa, wageni wanne na mizigo. Springi za nyuma zikinyooka na shokapu zikianza kuvuja, mwenye gari atamlaumu dereva.

Sikutaka kumpelekea shemeji hukumu ya safari moja ya mpishi mmoja. Mwezi uliofuata gari lilikodiwa na Wajerumani wawili, mume na mke, siku tisa, wanaendesha wenyewe: Tarangire kwenye kambi maalum, Karatu, na Ziwa Natron. Kambi maalum hazina kitu, hakuna bomba wala jiko wala choo. Unakuta mti na jivu la waliotangulia. Nilimwomba shemeji awaulize vizuri watakaporudi.

Walirudi wanaisifu droo. Waliivuta mara nne au tano kwa siku. Walisimama popote panaporuhusiwa wakakata mkate na parachichi. Friji ndiyo waliyoipenda kuliko vyote. Ila mke yule alisema jambo lililonikaa: karai la kuoshea hawakulitumia hata siku moja, waliosha vyombo kwenye beseni kama kila mtu. Pampu waliitumia kunawa mikono tu. Na jiko, hata nusu ya chakula hawakupikia, walikula vitu baridi kwa sababu ya joto la Natron na upepo wake wa mchana. Kwa hiyo walichokilipia kwa furaha ni meza ya kufikia kiunoni, mpangilio wa vitu, na ubaridi. Vile vyombo viwili vya gharama vilivyomfurahisha fundi vilibeba uzito bila kazi.

Friji nayo ina hesabu yake. Ndogo ya aina ile, ikifanya kazi, inavuta ampea 4 hivi, na inawaka kama theluthi ya muda. Kwa siku ni ampea-saa 32 au zaidi, joto likipanda inaongezeka. Betri ya pili ya ampea-saa 100 ya kawaida haipendi kutolewa zaidi ya nusu. Maana yake gari likilala siku moja na nusu bila kuwashwa, friji inaanza kuomba. Wanaohama kila siku hawalioni hilo, injini inachaji njiani.

Tulikaa sebuleni Moshono, shemeji, mimi na mwanawe mkubwa aliyeshika kikokotoo. Gari lenye jiko, wageni wa kuendesha wenyewe hulipa shilingi 40,000 zaidi kwa siku. Gharama 4,200,000 gawanya kwa 40,000 ni siku 105. Kwa mwaka gari lile hupata siku kama 45 za aina hiyo. Miaka miwili na miezi minne mpaka hela irudi, kama reli hazitakufa kabla, nazo zilikuwa zimeshaanza kufa kwa safari moja. Kwa wageni wa namna ya kwanza, wale wa dereva na mpishi, nyongeza ni sifuri. Wakala hajali mpishi anapikia nini.

"Kwa hiyo nimepoteza, shemeji?"

"Hujapoteza. Tukate."

Fundi alikata. Fremu ya reli ikabaki sakafuni, na juu yake jiko likawa sanduku linalojitegemea: mishikio miwili, miguu minne ya kukunja, vibanio vinne vya kulikaza juu ya reli. Jiko la plati mbili likatolewa bolti, likawekwa kwenye kitanda chake ambamo linainuliwa kwa mkono mmoja. Karai, pampu na tangi vikatoka. Vikarudi madumu mawili ya lita 20, ambayo yakitoboka yananunuliwa Kilombero kwa hela ya soda. Mtungi ukahamia nje, kwenye kishikio karibu na gurudumu la akiba. Juu ya milango ya nyuma likafungwa turubai la kukunja, kwa ajili ya ukungu na jua. Friji ikabaki kwenye gari, na mimi nikapewa kasha la barafu la kushusha kambini. Sanduku likiwa na vyombo lina kilo 34, watu wawili wanalibeba bila kuhema. Baada ya kurudisha pampu na karai, mabadiliko yote yalimgharimu shemeji shilingi 400,000 juu ya bei ya awali.

Ningemshauri mwingine abaki na droo ya kufunga moja kwa moja? Ndiyo, kama gari lake ni la wanaoendesha wenyewe tu na linalala zaidi kambi maalum au Natron kuliko kambi za umma. Huyo afunge, ila aache karai. Mwenye gari la kupeleka wapanda mlima kutoka Moshi mpaka lango la Machame au Marangu na kurudi, asithubutu. Kule jiko linapanda juu ya vichwa vya wapagazi, na gari kazi yake inaishia getini. Na anayeanza na hela kidogo, anunue kwanza friji na atengeneze sanduku la plaiwudi zuri. Asilimia kubwa ya raha ile ya Tarangire, ya kisu kuwa mahali pake na chai kuwahi, ilitoka kwenye mpangilio, na mpangilio hauhitaji reli.

Desemba tulirudi Seronera na sanduku. Mimi na dereva tuliliteremsha, tukaliingiza jengoni, nikakunjua miguu. Mwenzangu wa Mto wa Mbu alikuwepo; safari hii mimi ndiye niliyemsogezea plati, maana stovu yake ilikuwa imeziba. Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na dakika chache, simu ikaita.

"Shemeji, mmeamkaje? Jiko liko wapi?"

"Liko hapa, maji yanachemka. Gari limeshatoka."